Andika saa zako kabla hujavua sare

Wiki iliyopita pale uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, nilimkuta rubani wetu mmoja kijana kasimama chini ya bawa la Caravan, ndege yetu ndogo ya abiria, anangoja abiria wa Pemba. Nikamuuliza logibuku yake, daftari la rubani la saa alizoruka, imefika wapi. "Kapteni, kampuni ina rekodi zote." Moyo ulinishtuka. Ni wa tatu kunijibu hivyo mwaka huu. Wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Andika siku ile ile. Unguja hadi Dar ni dakika kama ishirini, na ukiruka mara sita kwa siku, ikifika Ijumaa safari zote zimekuwa moja kichwani.

2. Andika kwa UTC, saa moja ya dunia nzima tunayotumia marubani. Sisi tumelelewa na saa ya Kiswahili, na saa moja asubuhi yetu ni 0400. Nimeshaona ukurasa ambao ndege imetua Chake Chake kabla haijaondoka Unguja!

3. Rekodi za kampuni ni mali ya kampuni. Hapa nitakaa, maana pananiuma mpaka leo. Kazi yangu ya mwanzo nilijaza vizuri, kisha nikaacha. Miezi 14 sikuandika mstari. Siku moja kampuni ikafungwa: mlango kufuli, kompyuta zimeuzwa, simu hazipokelewi. Techlogi, yaani vitabu vya kumbukumbu za kila ndege, nazo zilikwenda na ndege kwa mnunuzi, nje ya nchi. Kwa hesabu ya kichwa nilishavuka saa 1,500 za ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege za abiria. Kwenye daftari zilikuwa 1,040, na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, hawatoi leseni kwa hesabu ya kichwa. Nilizunguka kwa makapteni niliokuwa msaidizi wao, mmoja mmoja, wakanifungulia logibuku zao na kunitilia saini. Nikaokoa saa 190. Za usiku, ambazo sisi wa visiwani tunazipata kwa shida na zinatakiwa 100, karibu zote zilipotea. Wakati huo nilikuwa nimeitiwa nafasi kwenye ATR, ndege kubwa kuliko Caravan. Ikachukuliwa na mwenzangu ambaye daftari lake lilikuwa kamili. Mama, kule Wete, alishawaambia majirani.

Na babu yangu alinifundisha! Msimu wa karafuu aliandika pishi za kila mchumaji, kila jioni, kwa taa ya chemni, hata akiwa na homa. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akisema. Nilidhani anazungumzia karafuu.

4. Usikisie. Kuna aliyenishauri nijaze miezi ile kwa makadirio. Nilikataa, na nawaomba mkatae. Saa ya kubuni ni uongo unaoweza kukupokonya leseni, na abiria nyuma yako wanaamini umeziruka kweli.

5. Tenga saa za ukapteni na za usaidizi, na kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa, maana masika yetu hayana huruma na karatasi.

Yule kijana nimempa kalamu. Yeyote aliyeruka nami na kurasa zake ni nyeupe, aje Jumamosi baada ya alasiri na logibuku yake. Yangu nitakuwa nayo, tutazijaza pamoja na nitatia saini.