Maswali ya Wasomaji: Nitazame nini taka hatarishi zinapofukiwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, wakazi wenzangu wamenichagua niwawakilishe siku ambayo shehena ya taka hatarishi itafukiwa katika dampo maalumu. Tumeambiwa kwamba shehena hiyo ni mapipa ya tope la kiwanda kinachopaka vyuma kromiamu, pamoja na mifuko ya asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Mimi si mkemia. Nitajuaje kwamba kazi imefanyika ipasavyo?

JIBU: Ndugu msomaji, dhamana uliyopewa ni nzito, lakini kutokuwa mkemia si kikwazo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya shahidi ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo. Kwa hiyo usikimbilie shimoni. Anzia langoni, kwenye mizani ya magari, na uombe kuona hati iliyosafiri na shehena tangu ilipotoka kiwandani. Soma aina ya taka, uzito na idadi ya mapipa, kisha uyahesabu wewe mwenyewe. Pipa lisilo na lebo, lililovimba au linalovuja litengwe na kuchunguzwa kwanza.

Tope ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Omba ushuhudie kipimo cha umajimaji, ambacho ni rahisi kukifuata kwa macho: sampuli huwekwa juu ya chujio kwa dakika 5, na tone lolote likipenya, tope hilo halifai kufukiwa kama lilivyo, bali lichanganywe kwanza na saruji au kitu kingine cha kuligandisha. Kimiminika ndicho kinachobeba sumu kuelekea maji ya ardhini. Uliza pia kama tope hilo lina sianidi, kemikali yenye sumu kali, na shimo hilo limewahi kupokea nini, kwa kuwa sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoweza kuua. Wewe simama upande unakotoka upepo, nje ya mpaka uliowekwa. Kitambaa puani hakizuii gesi.

Asbesto haina utata mwingi. Iwe imeloweshwa, imefungwa katika mifuko miwili na kuteremshwa bila kurushwa, kisha ifunikwe udongo siku hiyohiyo kabla mtambo wa kushindilia haujapita juu yake. Mahali ilipolazwa paandikwe kwenye ramani ya dampo, ili asitokee mtu wa kupachimba miaka ijayo.

Yako mambo ambayo jicho lako halitayafikia siku hiyo. Shimo la taka za namna hii hutandikwa tabaka mbili za plastiki nzito juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na kati ya tabaka hizo huwekwa njia ya kukusanya maji. Omba kumbukumbu za kiasi cha maji yanayovutwa hapo, kwa maana yakiongezeka ghafla, inawezekana tabaka la juu limetoboka. Omba vilevile matokeo ya visima vya uchunguzi, kile kilicho upande yanakotoka maji ya ardhini na vile vilivyo upande yanakoelekea, uyasome kwa pamoja ili uone kama maji yanachafuka yakipita chini ya dampo.

Ukipewa karatasi isemayo kwamba taka zote zimefukiwa salama, usitie saini. Andika uliyoyaona na saa uliyoyaona, na ikiwa ulikuta mapipa yameshateremshwa, liandike hilo pia. Kisha subiri lori lirudi mizanini likiwa tupu, utoe uzito huo katika ule lililoingia nao, na ulinganishe tofauti yake na uzito ulio kwenye hati.