Maswali yenu: fimbo, sai na kasia la Okinawa

Barua za toleo hili zote zimeangukia kobudo, sanaa ya silaha za jadi za visiwa vya Okinawa, Japani. Kwa wasomaji wapya: "kata" tunayoitaja humu ni mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa na kurithishwa. Haina diwani. Sai ni silaha fupi ya chuma yenye ncha moja ndefu na mabawa mawili yanayochomoza juu ya mpini.

Nina mkanda wa kahawia wa karate. Nilinunua sai mbili, lakini mwalimu amezifungia kabatini na kunipa fimbo. Je, ananichelewesha? K.S., Morogoro

Hakucheleweshi. Fimbo ndefu, yaani bo, ndiyo inayofichua makosa ambayo mikono mitupu huyaficha. Mikono yako miwili imeshika kitu kimoja, kwa hiyo mmoja ukizembea, ncha ya fimbo inakusema palepale.

Igawe fimbo kwa macho mafungu matatu, mikono ikae penye migawanyo miwili. Unapopiga kwa juu, mkono wa mbele unaongoza tu. Nguvu inatoka kwenye nyonga na kwenye mkono wa nyuma, unaovuta hadi ubavuni na kubana. Pigo la kichwa linaishia usawa wa macho ya mpinzani, na hapo fimbo isimame kimya. Ikiwa ncha inatikisika, mkono wa nyuma umebaki hewani. Ikiwa unajigonga mbavu, umeuvuta ukaupitisha mwilini badala ya kuusimamisha ubavuni. Malengelenge chini ya vidole ni dalili ya kukaba muda wote: shika kama umeshika kifaranga, ukaze pigo linapofika tu.

Kata ya kwanza katika vyuo vingi ni Shushi no kon. Jifunze njia ya miguu yake bila fimbo mpaka uweze kuipita ukiwa unaongea na mtu. Kisha ikate vipande, kila kipande kiishie pale unapogeuka, na usiunganishe kipande cha pili kabla cha kwanza hakijatulia. Wengi hukimbilia kumaliza kata nzima ndani ya wiki, halafu hutumia mwaka kufuta walichokariri vibaya. Kila pigo pia ulijaribu na mwenzako, taratibu, kila mmoja na fimbo yake. Asiyejua pigo linazuia nini atalifanya kama mchezo wa ngoma.

Na tafuta uwanja. Dari ikiwa chini ya mita 3 utajifunza kupiga ukiwa umejikunyata, na tabia hiyo haitoki.

Fundi amemchongea mwanangu wa miaka 12 fimbo ya mpingo. Ni nzuri kwa macho lakini mtoto anachoka, na sasa imeanza kupinda. Mama Zuhura, Tanga

Mama Zuhura, fundi alikusudia heshima, ila mpingo ni wa vinyago na zumari. Fimbo kamili ya futi 6 kwa mpingo hufika kilo 1.2 hivi, wakati ya mwaloni wa Kijapani hucheza kati ya gramu 700 na kilo moja. Mwambie achonge kwa mti uleule anaochongea mipini ya majembe na mashoka. Mti unaovumilia mtikisiko wa shoka utavumilia fimbo kugongana na fimbo.

Kipimo cha jadi ni shaku 6 za Kijapani, yaani sentimita 182. Hicho ni cha mtu mzima. Mtoto apewe urefu wake na ngumi moja juu ya kichwa, unene sentimita 2.5 katikati. Ya mtu mzima huwa sentimita 3 katikati, ikipungua polepole hadi 2 na kitu kwenye ncha. Upungufu huo ndio unaofanya ncha ziwe nyepesi kusimamisha. Fimbo yenye unene mmoja mwanzo mwisho hukuvuta mbele.

Kabla ya kulipa, tazama nyuzi za mbao. Zitembee kutoka ncha hadi ncha. Zikikimbilia pembeni katikati ya fimbo, hapo ndipo itakapovunjika, na itavunjika kwa mshazari na kuacha ncha kali kama mkuki. Ibiringishe juu ya sakafu bapa: iliyonyooka hupita kwa sauti moja, iliyopinda huruka-ruka. Fundi asipake vanishi, maana kiganja chenye jasho hunata juu yake na fimbo hii inatakiwa iteleze mkononi. Msasa laini na mafuta ya kitani vinatosha.

Kuhusu kupinda, tunadhani inaegemezwa ukutani. Ilazwe. Na kila kabla ya zoezi ipanguseni kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kikinasa, kuna kibanzi.

Sai nimechomelewa mtaani kwa nondo. Kila nikizigeuza zinakwama katikati, au ncha inanichoma kigashani. J.M., Nakuru

Una matatizo mawili, la chuma na la mkono.

Anza na chuma. Ishike sai ikiwa imelala kwenye kigasha, ncha ikielekea nyuma. Ncha inapaswa kupita kiwiko kwa sentimita 2 au 3. Ikiishia kabla ya kiwiko, ndiyo hiyo inayokuchoma inaporudi, wala hakuna ufundi wa kuiponya: tengeneza nyingine. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita, hivyo sai ya sentimita 48 pamoja na mabawa yake hufika gramu 550 na ushee, uzito mzuri wa kuanzia. Ya milimita 16 itakaribia kilo na kukuumiza kifundo cha mkono. Meno ya nondo yasagwe yote, ncha ifanywe butu. Mabawa yachomelewe kuzunguka pande zote. Ya kushikiziwa nukta mbili huruka siku ya kwanza unapozuia fimbo, na huruka kuelekea usoni. Mwisho, ipitishe juu ya kidole. Isimame mizani karibu na panapokutana mabawa, ikisogea kidogo upande wa ncha. Ikielemea mpini, haitazunguka.

Sasa mkono. Sai ikiwa imelala, kidole cha shahada kimenyooka juu ya mpini na gumba limekaa kwenye njia panda ya bawa na mpini. Gumba hilo ndilo ekseli, halihami. Peleka kiwiko mbele, legeza vidole vingine, chuma kijizungushe chenyewe, kisha vidole vidake mpini mwishoni. Inakwama katikati kwa sababu umefunga ngumi mapema au unaipindua kwa kifundo peke yake, kiwiko kikiwa kimelala. Fanya mara 20 kila mkono, polepole, juu ya mchanga au mkeka mzito, na viatu miguuni. Zitaanguka. Mkono wa kushoto uanze, maana ukiuacha mwisho utabaki nyuma daima.

Sakugawa no kon tunayofundishwa haifanani na ya kwenye video. Nani amekosea? Wanafunzi watatu, Lubumbashi

Huenda hakuna. Sakugawa no kon ni kata ya fimbo, na "kon" ni fimbo yenyewe. Kobudo mnayoiona leo imepitia hasa mikono miwili. Mmoja ni wa Taira Shinken (1897–1970), mwanafunzi wa Yabiku Moden, aliyekusanya kata kutoka sehemu mbalimbali. Mwingine ni wa Matayoshi Shinko (1888–1947) na mwanawe Shinpo (1921–1997). Kata zenye jina moja hutofautiana kati yao kwa hatua, pembe na hata idadi ya mapigo. Kwanza sikilizeni jina: anayesema "kun" badala ya "kon" anatumia matamshi ya Kiokinawa, na mara nyingi ametoka kwa Matayoshi. Kwa njia hiyohiyo Tsuken na Chikin ni majina mawili ya kisiwa kimoja cha Okinawa. Chagueni ukoo mmoja, mkae nao. Kuchanganya ni sawa na kupokea nusu ya tenzi kwa malenga mmoja na nusu kwa mwingine, vina vitagoma.

Ni kweli silaha hizi walibuni wakulima walionyang'anywa panga na Wajapani? Mbishi, Unguja

Ubishi wako una msingi. Satsuma, watawala wa kusini mwa Japani, waliivamia Ryukyu, ufalme wa Okinawa, mwaka 1609, hilo ni kweli, na mundu, mojawapo ya silaha hizi, ni chombo cha shamba. Lakini sai haina kazi shambani; ilibebwa na askari wa usalama wa ufalme. Na kata kadhaa zina majina ya watu wa tabaka la juu la Shuri, mji mkuu wa ufalme huo, Sakugawa akiwa mmojawapo. Hadithi ya mkulima na jembe lake ni tamu, ndiyo maana inasafiri mbali.

Naishi Mombasa, nahamia Ujerumani. Naweza kubeba nunchaku? A.

Usibebe. Nunchaku, vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo, Ujerumani imezipiga marufuku, na Kanada pia. Bo hairuhusiwi ndani ya ndege pamoja na abiria, ila hupita kama mzigo wa michezo ukiwahi kuuliza shirika la ndege kuhusu urefu.

Sisi watu wa pwani tuna makasia tele. Tunaweza kujifunzia eku? Kikundi cha vijana, Pangani

Mnaweza, mkichagua vizuri. Kafi la ngalawa ni fupi mno. Eku, yaani kasia linalotumiwa kama silaha, ina urefu wa sentimita 160 hivi, na ubao wake una sura mbili: upande mmoja umeinuka kama paa la nyumba, mwingine umelala. Ukingo hukata, ncha huchoma, na upande uliolala huchota. Kasia lenye ubao bapa kote litawafaa kwa miguu na mwelekeo, lakini mkono hautajua umeshika upande gani bila kuangalia, na kujua hilo gizani ndiyo nusu ya ufundi.

Kata yake maarufu ni Chikin Akachu no eku-di, ya kisiwa cha Tsuken. Uzito wote uko mbele, kwa hiyo mikono ikae mbali zaidi kuliko kwenye bo, na magoti yashuke. Mchangani mguu usiinuliwe sana, ukokotwe; anayeruka huzama na kuchelewa. Ndani yake mna pigo la kumrushia mpinzani mchanga machoni. Lifanyieni zoezi juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, mchanga ukiwa mkavu, kwa sababu ulioloa hutoka bonge moja na kuanguka miguuni. Ubao uingie kina cha vidole viwili tu, kisha mkono wa nyuma ushindilie chini kama mtu anayeng'oa mhogo kwa mti. Mwenzako avae miwani ya kuogelea, na wewe upepo uwe mgongoni.