Kabla hujalipa ada ya mkutano wa viongozi vijana, uliza utalala wapi na utalala na nani

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umepokea barua ya kuchaguliwa kushiriki mkutano wa kimataifa wa viongozi vijana utakaochukua siku kumi, washiriki wote wakiishi mahali pamoja, na kwamba unatakiwa kulipa ada ndani ya wiki mbili. Ukauliza kama mikutano ya namna hiyo ina faida ya kweli na mtu hujiandaa vipi. Nimehudhuria mitatu, miwili nikiwa mshiriki na mmoja nikiwa mwezeshaji wa kikundi. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu waliotangulia kukujibu wamegawanyika kati ya "nenda, bahati haiji mara mbili" na "huo ni utapeli", na mimi yamenikuta yote mawili, nusu kwa nusu.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa wa kulipia. Barua ilisema nimeteuliwa miongoni mwa waombaji wengi mno kutokana na uwezo wangu wa uongozi, ilhali fomu niliyojaza ilikuwa na maswali manne tu na jibu lilikuja baada ya siku mbili. Jambo hilo lilipaswa kunishtua, lakini mtu akisifiwa huwa hana nafasi ya kuhesabu siku. Nililipa ada, nikalipa nauli, nikafika. Tulilazwa hotelini wawili wawili, na waandaaji, kwa nia njema kabisa, walitupanga kwa nchi zetu ili tusipate taabu ya lugha. Kila asubuhi tuliketi kwenye viti vilivyotazama jukwaa, tukasikiliza wazungumzaji sita au saba wakituambia kwamba sisi ni viongozi wa kesho, tukapiga makofi, tukapiga picha mbele ya bango. Jioni kila kundi lilirudi vyumbani kuzungumza lugha yake. Nilirudi nyumbani na cheti, mkoba wenye nembo, na namba za simu za watu ambao ningeweza kuwapata bila kupanda ndege. Siwezi kuuita utapeli, kwa maana kila kilichotajwa kwenye tangazo tulipewa. Tatizo ni kwamba tulisafiri mbali kote huko tukaishia kuishi na wenzetu wa nyumbani.

Wa pili ulikuwa na sura nyingine. Tulikuwa washiriki wasiozidi sitini katika nyumba kubwa ya zamani nje ya mji, kwa siku tisa. Vyumba vilikuwa vya watu wanne wanne, na hakuna chumba kilichokuwa na watu wawili wa nchi moja. Kulikuwa na orodha ya zamu ukutani: nani anaandaa meza, nani anaosha vyombo, nani anafagia ukumbi. Ratiba iliacha saa mbili wazi kila alasiri, na siku ya kwanza nililalamika kwamba tunapotezewa muda.

Usiku wa tatu nilipangiwa kuosha vyombo pamoja na mshiriki aliyetoka kisiwa kimoja kidogo cha bahari ya Pasifiki, mtu ambaye katika vikao vyote alikuwa hajafungua kinywa. Asubuhi ya siku hiyo mimi nilikuwa nimetoa hotuba ya dakika tano kuhusu mabadiliko ya tabianchi, yenye takwimu za kutosha, na nikapigiwa makofi. Huku akikwangua sufuria lililoungua, mwenzangu aliniuliza, bila kejeli yoyote, kama nimewahi kuonja maji ya kisima yaliyoanza kuingiliwa na chumvi. Nilisema sijawahi. Akanieleza kwamba kwao magimbi hupandwa ndani ya mashimo yanayochimbwa mpaka kufikia maji yasiyo na chumvi yaliyo chini ya ardhi, na kwamba shimo la bibi yake, lililorithiwa kwa vizazi kadhaa, lilikuwa limeanza kuozesha mizizi baada ya mawimbi ya dhoruba moja kuvuka na kumwaga maji ya bahari ndani yake. Aliposema bahari inapanda alikuwa anazungumzia ladha ya chai ya bibi yake. Nilibaki nimeshika sahani ileile muda mrefu, nikiifuta mara mbili tatu, kwa sababu ndani ya hotuba yangu yote hakukuwa na kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekiona kwa macho.

Kesho yake nilimwomba aseme maneno yale katika kikundi kazi, akasema. Rasimu ya tamko letu wakati huo ilikuwa na sentensi laini iliyotaka nchi zilizo hatarini "zisaidiwe kukabiliana na athari". Yeye alitaka maji ya kunywa na ardhi ya kilimo vitajwe kwa majina, tena neno "zisaidiwe" liondolewe, kwa hoja kwamba anayesaidiwa huonekana kama mwombaji, ilhali wao hawakuchangia karibu chochote katika kuliharibu anga. Tulibishana juu ya neno hilo moja hadi saa saba usiku, na ubishi ule haukuanzia mezani. Ulianzia kwenye sinki.

Waanzilishi wa mikutano hii walijua mapema kwamba mazungumzo ya kweli huanzia katika kuishi pamoja. Mwaka 1947, watu watatu kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, Clemens Heller, Richard Campbell na Scott Elledge, walianzisha semina ya kiangazi katika kasri la Leopoldskron huko Salzburg, Austria, wakawakusanya chini ya paa moja vijana wasomi wa Ulaya ambao miaka miwili tu nyuma mataifa yao yalikuwa yakipigana. Semina hiyo imeendelea, na baadaye ikajulikana kwa jina la Salzburg Global Seminar. Mwaka mmoja kabla yake, huko Caux nchini Uswisi, juu ya mji wa Montreux, hoteli kubwa ya zamani ilifunguliwa kuwa nyumba ya mikutano ya upatanisho, Wafaransa na Wajerumani wakiwa miongoni mwa waliokutana humo, na kushika zamu za jikoni na mezani kukawa sehemu ya maisha ya mkutano. Trondheim, Norwei, wanafunzi wa mji huo wameandaa tamasha la kimataifa la wanafunzi, ISFiT, tangu mwaka 1990, kila baada ya miaka miwili, na wageni hulala katika nyumba za wenyeji. Hata mkutano mkubwa wa vijana uitwao UNLEASH ulipofanyika mara ya kwanza Denmark mwaka 2017, vijana wapatao 1,000 waligawanywa kwanza katika shule za bweni za watu wazima sehemu mbalimbali za nchi kabla ya kukusanyika Aarhus. Si kwamba kumbi kubwa hazina kazi. Ukitaka kujulikana, kupata wafadhili au kuona jinsi mambo yanavyopangwa ngazi za juu, ukumbi mkubwa unafaa. Ila usiulipie ukumbi ukidhani umelipia makazi.

Kwa hiyo, kuhusu barua yako, kabla ya kulipa chochote waandikie waandaaji na uwaulize mambo ya kawaida kabisa: mtalala wapi, wangapi kwa chumba, vyumba vinapangwa kwa kigezo gani, washiriki ni wangapi, na ni saa ngapi kwa siku mtakaa ukumbini kumsikiliza mtu mmoja. Waulize nani anagharimia mkutano na kama ada ni moja kwa wote au kuna wanaosamehewa, kwa maana ada peke yake si dalili mbaya. Ipo mikutano ya heshima inayotoza wenye uwezo ili kuwabeba wasio nao. Dalili mbaya ni haraka ya kutaka fedha, akaunti ya mtu binafsi, na ukumbi usiotajwa. Omba pia kuunganishwa na mshiriki mmoja au wawili wa mwaka uliopita. Na ukiona nembo ya Umoja wa Mataifa kwenye tangazo, usiishie hapo: tangu Desemba 1946 Baraza Kuu liliazimia kwamba nembo hiyo isitumiwe bila idhini ya Katibu Mkuu, lakini wanaoibandika bila idhini wapo, na kukodi ukumbi katika mji wenye ofisi za Umoja wa Mataifa hakuufanyi mkutano kuwa wa Umoja wa Mataifa.

Suala la viza limeharibu safari nyingi kuliko utapeli. Katika mkutano wa tatu, nilipokuwa mwezeshaji, kikundi changu kilipangiwa watu kumi na wawili na wakafika kumi. Wawili walipata barua za mwaliko zikiwa zimebaki wiki tatu, na ubalozi ukawapa miadi ya tarehe iliyokuwa imeshapita siku ya ufunguzi. Kama mkutano wako uko katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, na bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko iseme wazi nani analipia malazi, chakula na nauli. Barua inayosema tu "tunafurahi kukualika" haimtoshi afisa wa viza.

Katika maandalizi, usifanye kosa langu la kwenda na hotuba. Chagua jambo moja linalohusiana na mada ya mkutano ambalo umelifanyia kazi kwa mikono yako au umelishuhudia kwa karibu, ulijue kiasi cha kuweza kujibu swali la tatu na la nne. Hata kama ni dogo. Watu watakaokukumbuka ni wale uliowaeleza kitu ambacho wasingekisoma mahali pengine.

Lugha ndiyo ngumu, na hapa nazungumza kama mwezeshaji. Jioni moja nilichora alama kwenye karatasi kila mtu alipozungumza. Katika watu kumi, watatu walichukua zaidi ya nusu ya muda, na wote watatu walikuwa wamekulia katika lugha ya mkutano. Hawakuwa na maarifa zaidi ya wenzao. Walikuwa tu wanafika haraka kwenye neno. Siku iliyofuata niliweka utaratibu kwamba swali likiulizwa kila mtu anaandika kimya kwa dakika tatu, kwa lugha yoyote, kisha tunaanza na aliyenyamaza zaidi jana. Mjadala ulibadilika siku hiyohiyo. Ukikuta kikundi chako hakina utaratibu kama huo, pendekeza. Mwezeshaji mwenye akili hatakasirika. Na kama wewe ndiye mwepesi wa lugha, hesabu alama zako mwenyewe.

Mikutano mingi pia huendeshwa kwa Kanuni ya Chatham House, iliyotungwa London mwaka 1927: unaruhusiwa kutumia uliyoyasikia, lakini huruhusiwi kumtaja aliyeyasema wala taasisi anayotoka. Ichukulie kwa uzito, hasa kwenye mitandao ya kijamii, maana wapo washiriki ambao picha moja yenye maelezo ya kizembe inaweza kuwaletea shida wakirudi kwao. (Ndiyo maana humu simtaji mtu wala mkutano wangu wowote.) Jambo jingine dogo: ifikapo siku ya tano watu huchoka na kukwaruzana, hata juu ya dirisha lifungwe au lifunguliwe. Lala mapema angalau usiku mmoja.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba matamko ya vijana huishia kabatini. Mengi, ndiyo, la kwetu sijui kabati lake liko wapi. Lakini mwezi Agosti 2015 vijana walikutana Yordani na kupitisha Tamko la Vijana la Amman kuhusu vijana, amani na usalama, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 2250 juu ya mada hiyohiyo, Yordani yenyewe ikiwa mdhamini wake. Tamko lile lilikuwa na nchi iliyokuwa tayari kulibeba hadi mezani panapohusika. Hilo nalo waulize waandaaji wako: tamko likishaandikwa, nani analipokea, na amekubali kulipokea?

Yule mwenzangu wa zamu ya vyombo bado tunaandikiana. Mwaka jana alinitumia picha ya pipa la kukingia maji ya mvua waliloliweka kando ya shimo la bibi yake, akaniuliza kama nimeshaacha kutoa hotuba.

Ukishapata majibu ya waandaaji, yabandike hapa bila majina yao, hasa lile la vyumba, tuyasome pamoja kabla wiki zako mbili hazijaisha.