Kabla Hujanunua Turbo

Karibu kila wiki kijana fulani huingia na Subaru Impreza yake isiyo na turbo, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi, pale gereji ninapofanya kazi, Nairobi, na swali huwa lile lile: "Fundi, nifunge turbo gani?" Mimi humpa kiti, kalamu na daftari. Turbo ndiyo inayotamaniwa kwanza, lakini katika kazi hii inafaa kununuliwa karibu na mwisho. Nimefungua injini nyingi za Subaru zilizokufa mapema, na nyingi kati yake ziliuawa na jambo ambalo lingeonekana kwenye karatasi kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.

Andika kwanza unataka nguvu za farasi ngapi, na za kufanyia nini. Gari la kukupeleka kazini Jumatatu na kupanda nalo Limuru Jumapili halihitaji farasi 450. Farasi 300 kwenye injini ya lita mbili ni nguvu nyingi kwa barabara zetu. Tuseme umekubali hiyo 300. Sasa rudi nyuma hadi kwenye mafuta. Injini ya turbo inayopewa petroli ya kutosha kuilinda hunywa takriban sentimita za ujazo 6.3 kwa dakika kwa kila farasi. Mara 300, unapata karibu 1,900. Gawa kwa injekta nne, zile za kunyunyizia petroli, kila moja itoe 475. Lakini injekta isifanyishwe kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo nunua za karibu 590, pamoja na pampu ya petroli inayoweza kuzilisha wakati busti, yaani presha ya hewa ya turbo, inasukumana nayo. Hesabu hii ni ya dakika tano, na nimeona watu wakiikwepa halafu wakanunua injini mara mbili.

Swali la pili ni injini yenyewe. EJ20, injini za Subaru za lita mbili, nyingi zisizo na turbo zina kompresheni ya karibu 10 kwa 1, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja ya kumi. EJ205, ambayo Subaru waliitengeneza na turbo tangu kiwandani, ina 8 kwa 1. Ukibandika turbo kwenye ile ya kwanza na kutumia petroli ya kawaida ya pampu, nafasi yako ya kukosea ni ndogo mno: moto unaanza kuwaka wenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni ndiyo inayolipa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja na sijaubadilisha. Tafuta EJ205 nzima iliyotoka Japani, pamoja na wayaringi yake, kompyuta yake, na mirija ya oili na maji ya kwenda kwenye turbo. Utaona kama umetumia pesa nyingi siku ya kwanza. Anayejaribu kuokoteza kipande kimoja kimoja Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, huishia kutumia zaidi, na gari lake linakaa juu ya mawe miezi sita.

Ukishaipata, usiiamini kwa sababu muuzaji aliiwasha ikanguruma. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Ninachotafuta ni silinda kufanana, kuliko namba kubwa kwenye silinda moja. Kisha fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye EJ, mrija wa kufyonzea oili una tabia ya kupasuka pale ulipounganishwa na kibamba chake. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, na mara nyingi hauonekani mpaka uupanguse kwa petroli na kuugeuzageuza kwenye mwanga. Kupitia ufa huo pampu hufyonza hewa pamoja na oili, hasa kwenye kona, na beringi za konrodi hukauka. Weka mrija mpya ulioimarishwa. Ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye orodha yako.

Je, ubadilishe pistoni? Kwa farasi 300, EJ205 yenye afya na ramani nzuri ya kompyuta, yaani jedwali la petroli na cheche, inaweza kufika hapo na pistoni zake. Ukitaka zaidi, au ukikuta silinda zimelika, basi weka pistoni za chuma cha kufuliwa kwa nyundo, zilizo imara zaidi. Hapa kuna mpangilio ambao wengi huugeuza: nunua pistoni kwanza, zipeleke mkononi kwa mchonga silinda, naye achonge kwa kupima pistoni zako wewe, moja baada ya nyingine. Usichonge silinda halafu ukatafute pistoni za kuziingia. Na umwombe akaze bamba zito juu ya bloku wakati wa kuchonga, ili silinda zikae katika umbo litakalokuwepo hedi ikishafungwa. EJ205 nyingi ni za deki wazi, yaani silinda zimesimama ndani ya maji bila kushikwa juu, na hujipinda kidogo boliti zikikazwa.

Ringi za pistoni nazipima mwenyewe, simwachii mtu. Naingiza ringi ya juu ndani ya silinda yake, naisukuma chini kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawasawa, kisha nachomeka kijembe cha kupimia kati ya ncha zake mbili. Kwa silinda ya milimita 92 na busti ya kawaida, nataka ncha ziachane kati ya milimita 0.45 na 0.50, pana kuliko kipimo cha kiwandani. Ikiwa imebana, napiga tupa kiasi kidogo sana, upande mmoja tu, kutoka nje kuelekea ndani, naondoa makali kwa jiwe la kunolea, narudia kupima. Inachukua asubuhi nzima kwa pistoni nne. Sababu ni joto: ringi ikipata moto hurefuka, na ncha zikigusana haina tena pa kwenda. Itakwama kwenye silinda na kung'oa ule ukingo wa pistoni unaoishikilia. Ukishawahi kushika mkononi pistoni yenye ukingo uliomeguka kama kipande cha sahani, asubuhi moja ya tupa haikuumi.

Sasa jambo ambalo vitabu vya nje havitakwambia, kwa sababu waandishi wake wanakaa karibu na bahari. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na hewa yetu ina presha ya takriban kilopaskali 82 badala ya 101 ya pwani. Ukitaka busti ya bar 1 hapa, yaani kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje, turbo inachukua hewa ya 82 na kuifikisha 182, yaani inaizidisha mara 2.2. Mombasa ingetoka 101 kwenda 201, mara 2 tu. Turbo ile ile, geji ile ile inasoma bar 1, lakini ya Nairobi inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye moto zaidi. Kwa hiyo ukichagua turbo ndogo kwa kutazama magari ya watu wa Ulaya, hapa utaichosha. Chagua iliyo na nafasi ya kupumua, na ukubali kwamba itachelewa kidogo kuamka.

Hilo ni nusu ya habari. Nusu ya pili niliijua kwa uchungu. Nilijenga Impreza yenye kompyuta ya kujitegemea inayosoma presha ndani ya manifoldi, mirija ya kuingizia hewa kwenye injini, nikaityuni vizuri Nairobi, ikatulia. Mwezi wa Desemba mwenyewe akashuka nayo pwani na familia. Wastigeti, valvu inayozuia busti isizidi, inafuata hewa ya mahali ilipo, hivyo busti ilibaki bar 1, ila kufika Voi presha halisi ndani ya manifoldi ilikuwa imekaribia kilopaskali 195. Safu za ramani nilizozityuni kwa mikono yangu ziliishia 185. Za juu yake zilikuwa makisio. Alipokanyaga mafuta kulipita lori baada ya Voi, joto la mchana likiwa vile linavyokuwa kule, injini ilinyimwa petroli na cheche ikapigwa mapema mno. Pistoni namba nne. Gari lilirudi Nairobi juu ya lori la kubebea, na mimi niliijenga injini ile upya bila kumtoza kazi.

Tangu siku hiyo, kwenye ramani ya kila gari ninalolityuni hapa naongeza petroli na kuirudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa cheche, kwenye safu zote za juu hadi 220, hata zile ambazo Nairobi haziguswi kamwe. Halafu natuma mtu aende nalo polepole na kompyuta ndogo ikirekodi: asimame Mtito Andei, asimame Voi, asimame Mariakani, anitumie rekodi kila kituo kabla hajaendelea. Sensa ya moshi ya wigo mpana ni lazima iwe imefungwa; bila hiyo anayetyuni anabahatisha. Wakati wa busti nataka isome karibu 11 hadi 11.5, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya petroli. Pesa ya sensa hiyo na ya siku mbili za kutyuni iweke pembeni tangu mwanzo, kwenye bahasha yake, usiiguse hata rimu nzuri zikijitokeza.

Giaboksi ya gia tano ya Impreza haipendi kuondoka kwa kishindo. Ongeza klachi ya kutosha na umfundishe mguu wako. Breki ziende kabla ya nguvu. Intakula ya juu ya injini, ile ya kupoza hewa ya turbo, inapika kwenye foleni ya Thika Road, lakini kwa farasi 300 inatosha ukilifunga vizuri pengo kati yake na bonneti.

Injini ikishawaka, kimbia kilomita 50 bila busti, mwaga oili, kisha chukua filta uikate kwa msumeno wa bati, usafishe vumbi la msumeno, ukunjue karatasi yake juani. Chembe chache za kijivu ni ringi zinakaa. Ukiona mng'aro wa rangi ya shaba, hizo ni beringi. Usiiwashe tena, ifungue.