Kabla Hujalipenda Dirisha

Maswali ya wasomaji kuhusu maisha ya ghorofani hujibiwa na mama aliyeishi miaka 14 katika ghorofa ya 31 ya mnara wa makazi, sita kati ya hiyo akiwa mweka hazina wa umoja wa wamiliki.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi na mume wangu tumekaribia kununua fleti ghorofa ya 38 kwenye mnara mpya. Kuna bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi, mapokezi ya marumaru na walinzi usiku na mchana. Mume wangu alisimama dirishani karibu nusu saa bila kusema neno, nikajua moyo wake umeshahamia kule. Mimi nina wasiwasi nisioweza kuueleza. Tutaishi na mama mkwe, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua, pamoja na mtoto wetu wa miaka mitatu. Maisha ya kule juu yakoje hasa, siku hadi siku? — Mama wa Mmoja

Marahaba mwanangu. Dirisha hilo nalijua, hata mimi ndilo lililonivuta. Mwaka wa kwanza nilikuwa naamka kabla ya alfajiri nione mwanga unavyogusa ncha za majengo, kisha unavyoteremka taratibu mpaka barabarani. Hata jua la juu si sawa na la chini. Kule Dubai, kwenye jengo la Burj Khalifa lenye mita 828, mwaka 2011 wakuu wa dini walielekeza kwamba wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wachelewe dakika mbili kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wachelewe dakika tatu, kwa sababu wao bado wanaliona jua ambalo kwa watu wa chini limeshazama. Kwa hiyo mumeo hajadanganywa na macho yake. Uzuri upo, na mimi haukunichosha mpaka siku nilipohama.

Ila dirishani mtu hashindi. Maisha ya mnarani ni lifti, maji, umeme na majirani, na hivyo havionekani siku dalali anapokutembeza. Ndiyo maana nakusihi urudi pale bila dalali. Nenda siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, wakati watoto wanakwenda shule na wakubwa wanakwenda kazini. Simama karibu na lifti uangalie watu wanangoja muda gani. Uliza lifti ni ngapi kwa nyumba ngapi, kama ya mizigo ni ya peke yake, na umeme ukikatika jenereta inaendesha ngapi. Kwetu ilikuwa inaendesha moja tu kwa ghorofa 36. Sikuliuliza hilo kabla ya kununua.

Kisha omba kuonyeshwa chumba cha pampu. Watashangaa, lakini omba. Maji hayapandi yenyewe: kila mita 10 za kwenda juu zinadai takribani bar moja (bar ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo kuyafikisha ghorofa ya 38 kunahitaji bar kumi na zaidi, na msukumo huo ukiachiwa kwenye koki ya nyumba ya chini utapasua bomba. Ndiyo maana minara huwa na matanki na pampu za katikati, na vali za kupunguza nguvu ya maji. Ukiingia chumbani humo, tazama sakafu kwanza. Ikiwa kavu, imepigwa rangi, na chini ya pampu hakuna alama ya kutu iliyochuruzika, ni dalili njema. Halafu tafuta daftari la matengenezo. Mara nyingi linaning'inia kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango. Fungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi usome tarehe. Mimi nilikuta fundi amesaini kwa mara ya mwisho miezi mitano nyuma, na kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe kabisa. Nilikuwa nimeshalipa.

Sasa mama mkwe. Hapa naomba unisikilize kwa makini.

Ghorofa ya 29 alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa kumshikia kila mtu mlango wa lifti. Jioni moja mkewe alinipigia simu kwamba mzee ameanguka. Nilishuka kwa ngazi. Tukawa tunambonyeza kifua kwa zamu, na saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Gari la wagonjwa lilifika getini mapema sana, hakuna wa kulilaumu. Lakini mlinzi hakujua ni mlango upi, lifti ya kwanza ilikuwa juu, na iliposhuka ikapanda nao ikasimama ghorofa ya sita, penye bwawa, wakaingia watu na taulo zao zilizolowa. Machela haikuenea ikiwa imelala, ikabidi waisimamishe. Kutoka getini hadi kwa mzee zilipita dakika kumi na moja. Mzee hakurudi.

Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 2016 kuhusu watu waliosimama moyo ghafla wakiwa majumbani mwao, eneo la Toronto. Kwa walioangukia chini ya ghorofa ya tatu, waliopona walikuwa asilimia 4.2. Kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu walikuwa asilimia 2.6. Juu ya ghorofa ya 16 asilimia 0.9. Juu ya ghorofa ya 25 walikuwa watu 30, na hakupona hata mmoja. Nilikaa na namba hizo siku nyingi.

Sikuambii usinunue. Nakuambia kama jengo lina nyumba ghorofa ya nne au ya tano, fikiria magoti ya mama na siku ambayo lifti zote zimekufa. Na kokote mtakakokaa, hakikisha mlinzi ana ufunguo wa kuiita lifti na kuizuia isisimame njiani, na mapokezi kuna mashine ya kushtua moyo yenye betri hai na mtu aliyefundishwa kuitumia. Sisi tuliviweka vyote viwili ndani ya miezi miwili baada ya msiba ule.

Mtoto hana shida kubwa. Madirisha ya juu sana kwa kawaida hufunguka kidogo tu. Hatari ipo barazani: usiweke kiti, chungu cha maua wala sanduku karibu na kizuizi, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anapanda chochote.

Jambo la mwisho. Siku hiyo hiyo ukiweza, rudi saa mbili usiku ulitazame jengo kutoka ng'ambo ya barabara, uhesabu madirisha yenye taa. Jengo likiwa giza nusu nzima, maana yake wamiliki wengi wamenunua kama kitega uchumi na hawaishi humo. Hawatakuja mikutanoni, akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uamue, haitatimia, na uamuzi wa kubadilisha pampu utangoja mwaka. Pia mama mkwe atakosa wa kumwamkia. Upweke wa ghorofani upo, mwanangu, na wazee huuona kwanza. Mimi dawa yangu ilikuwa salamu: kila anayeingia lifti nilimsalimu, hata asipoitikia. Ilichukua kama mwaka, lakini ndiyo njia iliyomfanya mke wa yule mwalimu awe na namba yangu ya simu.

Shikamoo mama. Tuna miezi minne ghorofa ya 44. Usiku wa upepo mkali kuta zinalia kama mlango uliokosa mafuta, na juzi niliona maji ya chooni yanacheza bila kuguswa. Mke wangu sasa analala sebuleni na viatu miguuni. Jengo linaanguka? — Mume Asiyelala

Marahaba baba. Mwambie arudi kitandani, na umsomee hili.

Mnara mrefu umetengenezwa uyumbe. Ungekuwa mgumu usiokubali hata kidogo, ndipo ungekuwa na hatari. Kule Taiwan, katika jengo la Taipei 101, ambalo ni la ofisi na lina mita 508, wahandisi wamening'iniza tufe la chuma la tani 660 kati ya ghorofa ya 87 na ya 92. Upepo ukilisukuma jengo upande mmoja, tufe linachelewa na kulivuta upande wa pili. Kimbunga cha mwaka 2015 kilipopita, tufe hilo liliyumba kama mita moja, na jengo lipo. Kelele unazozisikia kwa kawaida ni kuta za kugawa vyumba na dari zikisuguana wakati nguzo zinapopinda kidogo. Maji ya chooni yanacheza kwa sababu hiyo hiyo. Kwangu ilikuwa taa ya kuning'inia ya chumba cha kulia: vioo vyake vilianza kugongana taratibu kabla sijausikia upepo wenyewe.

Kelele za namna hiyo hazichagui bei ya nyumba. Jengo la 432 Park Avenue kule New York, la nyumba za bei ghali sana, lililokamilika mwaka 2015, lina mita 426, na kuna ghorofa zilizoachwa wazi makusudi ili upepo upenye. Hata hivyo mwaka 2021 wamiliki wake walikwenda mahakamani wakilalamikia, pamoja na mengine, kelele, maji yanayovuja na lifti zinazokwama.

Kinachopaswa kukutoa kitandani ni kingine: ufa mpya kwenye nguzo au boriti, unaozidi kupanuka ukiupimia alama ya penseli, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama hata siku isiyo na upepo, maji yanayotokea mahali pasipo bomba, sakafu inayobingirisha gololi upande mmoja. Millennium Tower ya San Francisco, yenye ghorofa 58, ilifunguliwa mwaka 2009. Mwaka 2016 wakazi walijua kwamba imezama takribani sentimita 40 na imeinama, kwani nguzo za msingi wake hazikufika kwenye mwamba. Ikabidi zishindiliwe nguzo nyingine 18 mpaka kwenye mwamba, kazi iliyokamilika mwaka 2023. Ukiona dalili kama hizo, andika barua kwa msimamizi wa jengo, weka tarehe na picha, ubaki na nakala. Maneno ya mdomo mapokezini yanasahaulika zamu ikibadilika.

Habari za kazi dada. Umoja wa wamiliki wetu umetangaza mchango mkubwa wa ziada: lifti mbili zibadilishwe na uvujaji wa dari ya maegesho uzibwe. Tayari tunalipa ada ya huduma kila mwezi. Wengi tumekubaliana kugoma. Tuko sahihi? — Wamiliki wa Ghorofa za Chini

Nzuri ndugu zangu. Hapana, hamko sahihi, na nasema hivyo nikijua uchungu wa kutoa fedha msiyoitarajia.

Dari ya maegesho inayovuja si uchafu wa madoa tu. Maji yakipenya kwenye zege hufikia nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Jengo la Champlain Towers South, Surfside, Florida, lilikuwa la ghorofa 12 kando ya bahari. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege iliyo chini ya eneo la bwawa imeharibika vibaya kwa sababu maji hayazuiwi. Wamiliki wakabishana juu ya gharama. Mchango wa dola milioni 15 ulipitishwa mwezi wa Aprili 2021. Tarehe 24 Juni mwaka huo, kabla ukarabati wa zege haujaanza, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka usiku watu wakiwa wamelala. Walikufa 98. Mwaka uliofuata jimbo hilo likatunga sheria ya kuzuia umoja wa wamiliki kukwepa akiba ya kukarabati sehemu zinazolishikilia jengo.

Nami nina langu la kukiri. Nilipokuwa mweka hazina, miaka mitatu mfululizo nilizuia ada isipande. Nilipigiwa makofi mkutanoni. Mwaka wa nne pampu mbili zilikufa wiki moja, akiba haikutosha hata moja, na wajane wawili waliokuwa wakiishi kwa pensheni walilazimika kukopa kulipa mchango. Makofi yale bado nayasikia.

Mlicho na haki ya kukidai ni hiki: ripoti ya mhandisi isomwe mbele yenu wote, zabuni zisipungue tatu, hesabu za ada za miaka mitano ziwekwe mezani, na malipo yagawanywe kwa awamu kwa wasioweza kulipa mara moja. Ombeni pia mmoja wenu wa ghorofa za chini aingie kwenye kamati ya kusimamia kazi. Msiseme kwamba lifti haziwahusu. Wa ghorofa za juu nao watachangia dari ya maegesho.

Bi Mkubwa, shikamoo. Ghorofa ya 40 simu yangu inapoteza mtandao kila mara, na huku minara ya simu naiona kwa macho! — Kijana wa Juu

Marahaba mwanangu. Antena nyingi zimeelekezwa chini, kwa watu wa barabarani, na vioo vya majengo mapya vyenye utando wa kuzuia joto huzuia mawimbi. Pia huko juu simu inapokea minara mingi kwa pamoja ikishindwa kuchagua. Muulize msimamizi kama jengo lina antena za ndani. Kama hazipo, washa huduma ya kupiga simu kupitia intaneti ya nyumbani. Na leo hii, namba ya mapokezi iandike kwa kalamu isiyofutika karibu na mlango, mahali ambapo mgeni wako ataiona, na ujaribu kuipiga usiku wa manane uone kama kuna anayepokea.