Maswali ya Wasomaji: Mpelelezi wa Manila, Aswang na Robo Kilo ya Chumvi

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoandika hadithi za upelelezi zenye viumbe wa simulizi za Ufilipino watuletee maswali yao. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Shikamooni wahariri. Mhalifu katika hadithi yangu ni aswang. Mwenzangu aliyeisoma anasema huyo ni manananggal, mwingine anasema ni tiktik. Yupi yuko sahihi? Na je, huyu si popobawa wetu tu aliyebadilishiwa jina? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Wenzako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, maana aswang ni jina la ukoo mzima wa viumbe. Mtafiti wa simulizi Maximo Ramos aliwagawa katika makundi matano: mfyonza damu, mfyonza viungo vya ndani, anayejigeuza mnyama, mchawi na mla maiti. Chagua kundi kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, kwa sababu kila moja linaacha ushahidi wa aina yake. Mfyonza damu huwa mke mzuri aliyeolewa kijijini. Mumewe anakonda taratibu na hakuna eneo la tukio la kuzungushia utepe. Anayejigeuza mbwa au nguruwe anavizia barabarani usiku, na jeraha alilopigwa akiwa mnyama linaweza kuonekana asubuhi kwenye mwili wa jirani. Mla maiti anakuachia kaburi tupu. Mchawi hafiki kabisa alipo mgonjwa, kwa hiyo usimtafutie alama za viatu.

Manananggal yumo katika kundi la pili. Hujikata kiunoni, nusu ya juu ikaruka kwa mabawa ya popo, nusu ya chini ikabaki imesimama pale alipoiacha. Windo lake kubwa ni mjamzito, na silaha yake ni ulimi mrefu mwembamba kama uzi unaopenyezwa kwenye paa. Tiktik kwa wengine ni aswang mwenyewe, kwa wengine ni ndege anayefuatana naye. La kushika ni sauti yake: ikisikika kubwa yuko mbali, ikififia amekaribia. Shahidi anayesema "ilizidi kuwa kubwa hadi ikafika dirishani" ama anadanganya ama si mwenyeji wa huko. Hicho ni kidokezo cha bure, usikipoteze.

Popobawa ana mabawa ya popo, kweli, lakini kufanana kunaishia hapo. Hajikati, na katika taharuki ya Pemba na Unguja ya mwaka 1995 ilisimuliwa kwamba humtaka mtu aliyevamiwa atangaze yaliyompata, la sivyo atarudi. Manananggal anaishi kwa siri. Jirani akijua, amekwisha. Ukiwachanganya utampa mhalifu wako sababu mbili zinazogombana.

Mpelelezi wangu anaikuta nusu ya chini ya manananggal saa nane usiku. Afanye nini, na ana muda gani? (Msomaji, Nakuru)

Muda kwanza, maana ndio unaobana hadithi. Asipoungana kabla ya jua kuchomoza, manananggal hufa. Manila jua huchomoza kati ya saa 11:25 alfajiri, mwanzoni mwa Juni, na saa 12:25 asubuhi mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo tangu saa nane una saa tatu na dakika 25 au saa nne na dakika 25, kutegemea mwezi uliouchagua. Waandishi wengi hawataji mwezi kabisa, halafu jua linatoka pale wanapolihitaji tu.

Nusu yenyewe usiiweke sebuleni. Huachwa mahali pa faragha: nyuma ya nyumba, kwenye migomba, chumba kilichofungwa. Asiihamishe. Apake chumvi, jivu au kitunguu saumu kilichopondwa kwenye nyama iliyo wazi, ukingo wote, hadi katikati. Simulizi hazitoi kipimo, lakini hesabu unaweza kuifanya. Kiuno cha mzunguko wa sentimita 75 kina eneo la karibu sentimita za mraba 450. Tabaka la nusu sentimita litakula takriban gramu 270 za chumvi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya pakiti ya nusu kilo. Tumesoma miswada ambamo mpelelezi anatoa kipakiti cha mezani alichokichukua hotelini. Hicho hakifuniki hata uti wa mgongo.

Kinachoharibika baada ya hapo ndicho kitamu zaidi. Kukicha, polisi watakuta mwanamke aliyekatwa vipande viwili, na mtu mmoja mwenye chumvi mifukoni. Mtuhumiwa wa kwanza ni mpelelezi wako. Ulishalijibu hilo?

Angalia pia nyumba. Ulimi hupita kwenye upenyo wa paa la majani. Mjamzito wako akiishi ghorofa ya 20 huko Makati, eneo la maghorofa la Manila, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, lazima uonyeshe upenyo ulipo. Njia nyepesi ni umeme kukatika: joto linazidi, mama mwenyewe anafungua dirisha.

Nataka maiti yenye utata tangu sura ya kwanza, lakini sitaki damu nyingi. (Msomaji, Morogoro)

Tumia mgomba. Katika simulizi nyingi aswang humchukua mtu na kuacha mfano wake uliotengenezwa kwa shina la mgomba. Mfano huo unatembea, unarudi nyumbani, unaugua, unakufa baada ya siku chache na kuzikwa. Kesi yako basi inaanzia msibani, na aliyepotea hajaripotiwa na mtu, kwa sababu ndugu zake wote wanamlilia hapo hapo.

Nani agundue? Si daktari. Ufilipino maiti kwa kawaida hutiwa dawa ya kuzuia kuoza mapema, kwa kuwa mkesha wa msiba huchukua siku tatu hadi saba, wakati mwingine zaidi wakisubiriwa ndugu wa ng'ambo. Fundi wa kutia dawa ndiye wa kwanza kutafuta mshipa shingoni. Shina la mgomba halina mishipa ya damu. Ni maganda yaliyofungana tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa yake ni maji. Dawa itavuja pembeni badala ya kuzunguka mwilini, na utomvu utatia nguo madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Aliyewahi kukata mkungu wa ndizi akiwa na shati jeupe anayajua madoa hayo, na msomaji wetu wa Afrika Mashariki atayatambua kabla ya mpelelezi. Mwachie furaha hiyo, usimweleze.

Msiba wenyewe umejaa vifaa vya upelelezi. Watu hukesha wakicheza karata, kwa hiyo una mashahidi walio macho hadi asubuhi. Anayetoka msibani hatakiwi kwenda nyumbani moja kwa moja; hupitia kwanza mahali pengine, dukani au mgahawani, ili roho ya marehemu isimfuate. Kwa hiyo mtu anayenunua soda mbali na kwake saa tisa usiku ana maelezo halali, na muuaji anaweza kujificha ndani ya desturi hiyo. Na marehemu akiwa ameuawa, kuna wanaoweka kifaranga hai juu ya jeneza, kikidonoa kimdonoe muuaji dhamiri. Mwoneshe mpelelezi akiangalia nyuso za waombolezaji badala ya kifaranga.

Naomba mpangilio wa polisi wao, kwa ufupi. (Msomaji, Mombasa)

Ngazi ya chini kabisa ni barangay, mfano wa mtaa wetu, yenye mwenyekiti wake na walinzi wa kujitolea waitwao tanod. Hao ndio hufika kwanza, wana tochi na kirungu. Ugomvi mdogo wa majirani hupitia upatanishi wa barangay kabla ya mahakama, kwa hiyo tuhuma ya uchawi uwanjani mwa jirani itaanzia hapo. Polisi ya taifa kwa sura yake ya sasa ni ya mwaka 1991. Kesi nzito zinaweza kuchukuliwa na NBI, ofisi ya taifa ya upelelezi. Vyeo vilibadilishwa majina mwaka 2019: aliyekuwa Inspekta Mwandamizi sasa ni Kapteni. Hakuna baraza la raia la kuamua hatia, hakimu anaamua mwenyewe, basi futa ile hotuba ya wakili mbele ya watu 12.

Je, ni udanganyifu mhalifu akigundulika kuwa binadamu wa kawaida? (Msomaji, Muscat)

Hapana, na historia iko upande wako. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa vita dhidi ya Huk, waasi wa kikomunisti wa Ufilipino, afisa Mmarekani Edward Lansdale alikuwa mshauri wa jeshi la Ufilipino. Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi kikosi cha vita vya kisaikolojia kilivyosambaza uvumi kwamba kilima walichokalia Huk kina aswang. Uvumi ukaachwa usambae. Kisha kikosi kikavizia doria usiku, kikamnyakua mtu wa mwisho kimyakimya, kikamtoboa matundu mawili shingoni, kikamning'iniza miguu juu hadi damu ikaisha, na kuirudisha maiti njiani. Wenzake walipoikuta, wakahama kilima.

Ukiwa mpelelezi, anza na matundu hayo. Mawili ya meno ni alama ya mnyonya damu wa Ulaya na sinema zake. Wa Visayas, visiwa vya kati vya Ufilipino, husimuliwa kuwa na ulimi wa mrija. Mtengenezaji wa mauaji hayo alijua hofu ya watu kuliko alivyojua kiumbe chenyewe. Kisha miguu: maiti iliyoning'inizwa ina michubuko ya kamba vifundoni. Tatu, nani alinufaika na kilima kuachwa wazi?

Kifuniko kingine cha mauaji ni bangungot, kifo cha usingizini cha wanaume vijana wenye afya. Wailokano, yaani watu wa Ilocos, humtaja batibat, mwanamke mzito anayekaa katika nguzo iliyochongwa kutoka mti wake na kumkalia kifuani anayelala karibu nayo. Jinamizi letu haliko mbali naye. Kujinusuru, aliyelala ajing'ate kidole gumba au achezeshe vidole vya miguu. Madaktari wanavihusisha vingi vya vifo hivi na ugonjwa wa Brugada, hitilafu ya umeme wa moyo iliyoelezwa mwaka 1992, ambapo moyo wenyewe huonekana mzima kwenye upasuaji wa maiti. Sumu isiyoacha alama inaweza kujificha hapo. Mpelelezi aulize kama baba au kaka wa marehemu alikufa hivyo hivyo, maana ugonjwa huo hurithiwa na sumu hairithiwi.

Tahadhari moja. Mkoa wa Capiz, kisiwani Panay, umebandikwa jina la makao ya aswang, na humo humo kuna ugonjwa wa kurithi uitwao lubag, unaokunja mwili na kukaza kinywa na ulimi, hasa wa wanaume wa karibu miaka 40. Wapo wanaodhani uvumi na ugonjwa vilikutana. Ukimpeleka mpelelezi Roxas City, mji mkuu wa mkoa huo, usimpe mhalifu dalili hizo. Kuna familia zinazoishi nazo.

Tikbalang amempoteza mpelelezi wangu msituni, amezunguka mti ule ule. Anatokaje? (Msomaji, Bukoba)

Avue shati, aligeuze ndani nje, alivae tena. Akitaka kumtawala kabisa huyo mwenye kichwa cha farasi, ang'oe nywele tatu za dhahabu zilizo kwenye shungi lake, lakini atalazimika kwanza kumpanda na kung'ang'ania hadi achoke. Kabla ya kugeuza shati, atoe daftari na simu mfuko wa kifuani. Katika mswada ulioambatanisha, ushahidi wote unabaki chini ya mti na huutaji tena.