Mtaa umekufa jioni? Mtafuteni kwanza muuza kahawa (yaliyotukuta Ngamiani, Tanga)

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma. Mtaa wenu hapo Bagamoyo saa kumi na mbili maduka yashafungwa, kinachobaki ni giza na mbwa, mmechanga laki nne mnataka kuchora barabara na kuweka michezo ili watu warudi kukaa nje, na swali lako ni rangi gani inadumu. La rangi nitalijibu mwishoni, manake mnaanzia palepale tulipoanzia sisi tukapigwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kwetu Ngamiani kwenye zile barabara za namba, ya ngapi nisiseme wahusika wamo humu humu. Zamani jioni mtaa wetu ulikuwa hauna pa kupita, huku bao, kule keram, wamama na karai za mihogo, watoto wanacheza rede katikati ya barabara na mwenye baiskeli anasubiri wamalize. Viwanda vikafa, vijana wakakimbilia Dar, wazee wa bao wakaondoka mmoja mmoja, halafu likaja balaa ambalo watu hawalisemi: baraza zilivunjwa kupisha fremu za maduka. Mtu kavunja baraza ya babu yake kajenga fremu, fremu yenyewe haina mpangaji, na pa kukaa hakuna tena.

Basi sisi tukajiona wajanja, tukanunua rangi tukachora draft kubwa barabarani, kete ni mifuniko ya ndoo. Picha tulipiga nzuri sana aisee. Wiki ya pili mifuniko imeshaenda kufunikia maji majumbani kwa watu na pale juu pamepaki bodaboda. Kosa lilikuwa nini? Tulichagua pale kwa sababu ya picha, jua linapachoma mpaka saa kumi na mbili, nani akae?

Mzee mmoja akatuambia nyie mnapanga mtaa hamjautazama. Tukakaa jioni mbili na daftari, tunaandika tu nani kasimama, wapi, kwa muda gani. Kumbe watu walikuwepo siku zote! Wanasimama chini ya mti wa mkungu ambapo muuza kahawa anatua dele lake, na kwa fundi baiskeli (si unajua Tanga na baiskeli), ila wanakunywa wamesimama wanaondoka. Kikombe kimoja, dakika tano, kwaheri. Hapo ndo tukahamishia kila kitu.

Baraza ya zege tuliimwaga na kitu kimoja mzingatie: usawa wa goti, kama sentimita 45, na upana wa kutosha watu wawili kukunja miguu na bao likae katikati yao. Benchi jembamba la kituo cha daladala halichezewi bao. Tukaongeza vigoda ambavyo havijafungwa popote. Watu walisema vitaibiwa, na viwili viliibiwa kweli, lakini kuna Mmarekani anaitwa William H. Whyte miaka ya 70 alikuwa anarekodi watu kwenye viwanja vya kupumzikia vya New York, akaona mtu akikuta kiti cha kuhamishika anakisogeza kidogo kabla hajakaa, hata kama hakuna sababu. Nimeangalia kwetu ni vilevile, mtu anakisogeza hatua moja ndo anakaa, kama vile anasema hapa sasa ni pangu.

Sasa kitu cha kuchezea. Tulichukua mabomba ya plastiki ya inchi nne, yale ya maji taka, tukayakata urefu tofauti tukayapanga kwenye fremu ya chuma niliyochomelea mwenyewe. Mdomo wa bomba unaupiga na ndala. Refu linatoa sauti nzito, fupi nyembamba, ukilikata nusu unapata sauti ileile ila ya juu. Wazo niliiba Montreal kule Kanada, 2011 waliweka bembea 21 za muziki barabarani, kila moja na sauti yake, na kuna sauti hazitoki mpaka mbembee pamoja na mtu ambaye pengine humjui. Kwa hiyo fremu yetu nikaifanya ndefu makusudi, mtu mmoja hafiki ncha zote mbili, lazima uite mwenzako. Siku ya kwanza mzee mmoja wa dufu alisimama kuwacheka watoto, baada ya nusu saa yeye ndo anawaelekeza.

Na bembea tulijaribu, kwa kamba ya katani maana hii ni Tanga bana, mkonge kwao. Masika moja imeoza. Sasa hivi bembea ya mji wa mkonge imefungwa kwa nailoni, tucheke tu. Chuma nacho upepo wa bahari unakila, bila red oxide (ile ya kuzuia kutu) kabla ya rangi mtalia.

Kelele ndo ingetuua. Usiku wa tatu vijana wanapiga mabomba saa sita, jirani katoka na panga. Dawa ikawa ndala zikae kwa muuza kahawa. Ikiadhiniwa anazikusanya, swala ikiisha zinarudi, saa tatu usiku anazifungia. Bila ndala bomba halilii vizuri, kwa hiyo ule mfuko wake ndo ufunguo wa mtaa mzima, na kahawa inamtoka kuliko zamani kwa hiyo hachoki kuja. Mkiweka kitu kisicho na mtu ambaye mkate wake uko hapohapo kitakufa tu.

Wamama kwenye kahawa hawakai, tuliona mwezi mzima. Tukajenga baraza ya pili upande wa mama wa mihogo na taa tukavuta kwake, tunachangia umeme wa LUKU. Ile tuliijenga juu ya mtaro kwa uvivu wetu, mvua ikaja maji yakaingia nyumba ya jirani, tukabomoa wenyewe na kumlipa godoro. Jengeni ndani ya mpaka wa kiwanja cha mtu aliyekubali, barabarani msimwage zege kabla ya kuonana na serikali ya mtaa na TARURA, wenye barabara za mitaa. Na kama mtaa wenu uko Mji Mkongwe wa hapo Bagamoyo, nendeni ofisi ya Mambo ya Kale kwanza, halafu zile baraza za mawe za zamani zitengenezeni hizohizo.

Kufunga barabara, jumamosi tu, alasiri mpaka usiku, matairi huku na huku. Wenye maduka watalalamika, hata Copenhagen kule Denmark walilalamika 1962 walipoondoa magari mtaa wa Strøget na leo ndo mtaa wao wa maduka.

Rangi: chukua ya barabarani ya kuchorea zebra, ya ukutani itabanduka. Osheni, pakauke kabisa, mkono wa kwanza, wa pili, na msubiri masika yaishe. Ila kwenye laki nne yenu ndoo moja inatosha, zinazobaki saruji na mabomba.

Ndala msinunue. Wiki ya kwanza pea nne zilivaliwa zikaenda, tangu hapo tunatumia za kushoto tu. Za kulia ninazo mfuko mzima karakana, ukipita Tanga njoo uzichukue.